Kosa halikuwa jichoni

Samahanini kwa kimya kirefu. Niliahidi kumalizia somo la hifadhidata, lakini leo naomba niiweke kompyuta kando niwasimulie kuhusu mama yangu.

Jioni moja mwaka 2023 Mama alishikwa ghafla na maumivu makali ya kichwa, akatapika. Kliniki ya karibu walisema ni kipandauso, wakampa dawa za maumivu. Asubuhi yake kope la kushoto lilikuwa limelala, halifunguki. Nilipoliinua kwa kidole, jicho lilikuwa limeelekea nje. Akaniuliza, "Mwanangu, mbona mko wawili?"

Nilitaka kumpeleka kwa daktari wa macho. Ndivyo tulivyo waandishi wa programu: kosa likionekana kwenye skrini, tunahangaika na skrini. Bahati nzuri, daktari mmoja aliagiza picha ya ubongo.

Chini ya ubongo, nyuma ya pua, kuna tezi ya pituitari, ndogo kama mbaazi. Ndiyo inayoziamrisha tezi nyingine nyingi za homoni. Juu yake hupita neva za kuona. Kushoto na kulia hupita neva zinazosogeza macho. Mama alikuwa na uvimbe hapo, si saratani, na hatukujua. Siku ile ulivuja damu ndani, ukafura, ukabana neva. Hali hii huitwa apopleksi ya pituitari. Ni nadra, ingawa Pearce Bailey alieleza mgonjwa wa namna hiyo tangu mwaka 1898.

Nilidhani watakimbilia kisu. La, kwanza walimdunga haidrokotisoni. Tezi hiyo ikizimika, kotisoli hupungua mwilini, presha inaweza kuporomoka na mtu akafa. Baadaye ndipo walipotoa uvimbe kupitia puani.

Kope liliinuka polepole, wiki baada ya wiki. Siku hizi Mama ananiona mmoja, ila ni lazima ameze vidonge vya haidrokotisoni kila siku. Nimemwandikia kiprogramu kinachomtumia ujumbe wa kumkumbusha. Katika kazi zangu zote, hicho ndicho ninachokipima mara nyingi zaidi kabla ya kulala.

Wasomaji wangu, kichwa kikimuuma mtu ghafla na vikali, kisha kope likalala au akaona viwili viwili, msingoje kupambazuke. Mkimbizeni hospitali kubwa.

Wiki ijayo tunarudi kwenye hifadhidata. Kwaherini.