Usingizi wa Mofu na wa Unguja

Mofu, bonde la Kilombero. Mpunga umeanza kubeba, na familia nyingi zimehamia mashambani kuamia ndege. Kulala ni juu ya dungu, maana chini kuna maji. Nilipomwamkia bibi mwenye shamba na kumuuliza dawa ya kienyeji ya usingizi, alichuma kwanza tawi la kivumbasi.

"Mjukuu wangu, utalalaje huku unaliwa?"

Huku kivumbasi hutupiwa kwenye makaa yanayofifia, upande upepo unakotokea, jua likishazama. Wengine hutundika matawi mabichi karibu na malazi. Mbu hupungua, lakini hawaishi, na moshi hukereketa kifua, hasa cha mtoto. Kwa hiyo bibi hufukiza mapema, kisha hushusha chandarua kilichofungwa kwenye nguzo nne za dungu. Nampa haki yote. Bonde hili ndilo lililotoa ushahidi mzito: mwishoni mwa miaka ya 1990, mradi wa KINET uliuza vyandarua vyenye dawa katika Kilombero na Ulanga kwa jina la Zuia Mbu, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2001 yalionyesha kwamba uhai wa watoto wa mwezi 1 hadi miaka 4 waliovitumia uliongezeka kwa asilimia 27. Hakuna jani nililoonyeshwa safarini lenye sifa kama hiyo.

Kikombe hufuata baadaye. Ni mchaichai: majani matano au sita kwa vikombe viwili, yaoshwe, yakatwe vipande, yamwagiwe maji yanayochemka na kufunikwa dakika kumi ili harufu isipotee na mvuke. Watu wengi hutia pia majani ya chai na sukari ya kutosha, wakasema wamekunywa dawa ya usingizi. Majani ya chai yana kafeini, nayo ndiyo inayomkeshesha mtu. Bibi hayatii. Anasema kinywaji cha usiku kiwe chepesi, tena kinywewe mapema, la sivyo utashuka ngazi ya dungu gizani kwenda kujisaidia.

Unguja, upande wa mashamba ya viungo ya Kizimbani, mambo ni mengine. Mwenyeji wangu hakutaja mbu hata mara moja. Alichemsha maziwa, akatia iliki iliyopondwa, akaparuza kungumanga juu yake. Kinywaji kitamu kweli, kizito, cha kunywa umekaa barazani baada ya Isha. Nilimwangalia mkono: aliparuza kidogo sana, kiasi cha kukaa kwenye ncha ya kijiko, akairudisha kungumanga koponi.

"Hii haizidishwi, mwanangu," alisema.

Ana sababu. Kungumanga moja nzima ikisagwa na kunywewa inaweza kuleta kichefuchefu, moyo kwenda mbio, na mtu kuona vitu visivyokuwepo. Mjamzito aiache, na mtoto asipewe. Mchaichai hauna ukali huo, na kwangu hilo peke yake linaupa Mofu ushindi katika vikombe hivi viwili.

Lakini je, mchaichai unalaza kweli? Brazil, ambako nako watu huunywa kutuliza mwili, watafiti waliwapa watu chai hiyo na kuwapima. Mwaka 1986 walichapisha kwamba hawakuona ikileta usingizi wala ikipunguza wasiwasi. Nayaamini matokeo hayo, na bado nimekinywa kikombe cha bibi kwa furaha. Kinachofanya kazi, nadhani, ni yale yanayokizunguka: moto umepungua, redio imezimwa, kazi ya kutwa imekwisha, mtu amekaa na wenzake akipuliza kinywaji cha moto kisicho na kafeini. Unguja nako ni vivyo hivyo, baraza likiwa mahali pa dungu.

Mpaka wa dawa hizi bibi aliutaja bila kuulizwa. Mtu anayekosa usingizi kwa sababu mwili unachemka au anatetemeka hawekewi birika. Anapelekwa zahanati kupimwa malaria, usiku huohuo kama usafiri upo. Masika barabara za huku hujaa tope na mto hutapakaa, kwa hiyo wanaohamia mashambani hupanga mapema nani mwenye mtumbwi na nani mwenye pikipiki. Mipango hiyo nimeiandika kwenye ukurasa mmoja na vipimo vya mchaichai.