Kilo na Jina

Septemba 8, 2018, Hassan Mwakinyo wa Tanga alipanda ulingoni Birmingham kupambana na Sam Eggington, mwenyeji aliyewahi kuwa bingwa wa Ulaya. Pambano kuu la usiku ule lilikuwa la Amir Khan na Samuel Vargas. La Mwakinyo lilikuwa miongoni mwa yale ya utangulizi, na wengi walishampa Eggington ushindi kabla ya kengele kulia. Raundi ya pili haikufika mwisho. Makonde ya Mwakinyo yalishuka mfululizo, refa akaingilia kati, na kesho yake Watanzania wasiomjua waliamka wakiulizana kijana huyu katokea wapi.

Mjini Karatu alikuwepo mtu aliyejiuliza swali jingine: nani alimchagua? Kuchagua ndiyo kazi yake: ni mpangaji wa mapambano. Kwa miaka mingi amekuwa akiwatafutia wapinzani mabondia wa kanda ya kaskazini, na anajua kwamba nyuma ya kila pambano yupo mtu aliyekaa na simu na orodha ya majina, akisaka bondia mwenye uzito unaolingana, rekodi isiyotia aibu kwenye bango, na mara nyingi nafasi ndogo ya kushinda. Safari hii hesabu ya Birmingham iliangukia upande wa Tanga. Aliirudia video ya pambano lile mara nyingi, si kwa ajili ya ngumi, bali kuona dalili ambazo rekodi ya karatasini haikuzionyesha.

Alizaliwa Rhotia, kwenye barabara ya kupanda Ngorongoro, katika wilaya ambayo ukitaja michezo watu wanafikiria riadha. Filbert Bayi ni mtoto wa Karatu. Mwaka 1974, kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola huko Christchurch, alikimbia mita 1,500 kwa dakika 3 na sekunde 32.2, rekodi mpya ya dunia, akiongoza tangu mwanzo. Mwanariadha anaweza kukimbia peke yake alfajiri kwenye udongo mwekundu wa Karatu, akatazama saa na kujua yuko wapi kati ya wakimbiaji wa dunia. Bondia hana njia hiyo. Ni lazima apatikane binadamu mwingine mwenye kilo kama zake na ujuzi unaokaribiana na wake, na kama hapatikani, kijana anazeekea mazoezini.

Vijana alioanza nao walikuwa waosha magari ya watalii, vibarua wa mashamba ya vitunguu Mang'ola na wapagazi wa kambi za wageni. Walifanya mazoezi kwenye chumba cha nyuma ya gereji, wakipimwa uzito kwenye mizani ya mazao. Hapo ndipo alipojifunza ngazi za uzito, zaidi ya alivyojifunza kwenye kitabu chochote. Ngazi zinazotumika zaidi duniani ni 17, kuanzia kilo 47.6 hadi uzito wa juu usio na kikomo. Kati ya super welter, inayoishia kilo 69.8, na uzito wa kati, unaoishia kilo 72.5, tofauti haifiki kilo tatu. Aliyewahi kupigwa na mtu aliyemzidi kilo hizo anajua zinavyouma.

Tatizo kubwa liko kwenye saa zinazofuata mizani. Kwa kawaida uzito hupimwa siku moja kabla ya pambano. Bondia anaweza kujikausha maji, akapita kwenye mizani, kisha akanywa na kula usiku kucha na kupanda ulingoni akiwa mtu mwingine. Wakulima wa Karatu wangemwelewa haraka, maana ni lumbesa ile ile: gunia limeandikwa kilo mia, lakini limeshonewa kilemba juu. Februari 2000, kule New York, Arturo Gatti alipimwa ndani ya kikomo cha kilo 64, lakini usiku wa pambano alikuwa na kilo zipatazo 72. Mpinzani wake, Joey Gamache, alipigwa KO raundi ya pili, akaumia ubongo na hakupigana tena. Mpangaji wa Karatu huwasimulia kisa hicho mabondia wapya kabla hawajasaini chochote.

Kwa bondia anayetoka kaskazini, mizani ina mtihani mwingine. Enzi ambazo mabasi ya usiku yalipigwa marufuku, kijana wa Karatu aliyeitwa Dar es Salaam kupigana Jumamosi alilazimika kuondoka alfajiri, akashinda njiani kutwa nzima bila kunywa maji ili asiharibu uzito, kisha akashuka kutoka kwenye baridi ya milimani na kuingia kwenye joto la pwani. Wenyeji wake walikuwa wamelala vitandani mwao. Kwa sababu hiyo mpangaji alianza kudai nauli ya siku mbili kabla, pamoja na chumba na chakula baada ya kupima. Promota mmoja alimwambia anajidai. Hakumpelekea bondia tena.

Simu za mapromota zinafanana: "Braza, nina mtu wa kilo 61 kaumia, nipatie mwingine." Anayetafutwa ni wa kuja kupigwa. Mpangaji huuliza rekodi ya mwenyeji na mara ya mwisho alipopigana, akaomba na video. Kisha huenda kwa familia. Mama mmoja wa Endabash alimkaribisha, akaitikia shikamoo yake, akamuuliza kabla hajakaa vizuri: "Marahaba, mwanangu. Huyo mnayempa kijana wangu ana kilo ngapi, na ameshapiga wangapi?" Maswali yote mawili yalikuwa ya kitaalamu. Mapambano mengi yangekuwa salama zaidi kama mapromota wangeanza na hayo.

Baadaye ukaja uzito usiopimika kwa mizani yoyote: jina. Francis Cheka wa Morogoro alilitengeneza lake kwa ngumi, na Agosti 30, 2013 alimshinda Mmarekani Phil Williams jijini Dar es Salaam, akatwaa ubingwa wa dunia wa WBF katika super middle. Twaha Kiduku, naye wa Morogoro, alikutana na Dulla Mbabe wa Dar mwaka 2020 na tena 2021, na mashabiki wa miji hiyo miwili walijigawa kama kwenye mechi ya watani wa jadi. Pambano la namna hiyo linajipanga lenyewe: kilo zinakaribiana, majina yanalingana, ukumbi unajaa.

Karim Mandonga alifika kwa njia nyingine. Julai 2022 alipigwa na Shaaban Kaoneka mjini Songea, lakini maneno yake yalikuwa yameshamfikisha kila nyumba yenye simu. Januari 2023 alikwenda Nairobi akitamba na ngumi yake aliyoiita Sugunyo, akamshinda Daniel Wanyonyi; waliporudiana Julai, Wanyonyi akashinda. Wapo wataalamu waliokasirika. Mpangaji wa Karatu hakukasirika hata kidogo. Bodaboda wa stendi, ambao hawajawahi kulipa kiingilio cha ngumi, walikuwa sasa wanauliza Mandonga anapigana lini, na pambano lenye watazamaji hulipa hata vijana wa utangulizi wasiojulikana.

Anachokiogopa ni jina kumvusha mtu mlango ambao mikono yake haijauzoea. Septemba 2022 Mwakinyo alikwenda Liverpool kukutana na Liam Smith, bingwa wa dunia wa zamani wa WBO, na pambano likaishia raundi ya nne. Mwakinyo alikuwa na uwezo wa kufika pale. Kijana wa kawaida anayesifiwa mitandaoni hana, na ni kazi ya mpangaji kusema hapana hata pesa zikiwa zimeshatajwa.

Sasa ana hoja moja anayoipigania kwenye kila kikao cha ngumi anachoalikwa. Katika mapambano yake ya ubingwa, shirikisho la IBF lilikuwa likiwapima mabondia tena asubuhi ya siku ya pambano, na halikuruhusu wazidi kikomo kwa zaidi ya paundi 10, yaani kilo 4.5. Anataka utaratibu huo uanze hapa nchini kwa mapambano yote ya mikoani, hata yale ya raundi nne, na kwamba anayezidi asipande ulingoni huku mpinzani wake akilipwa posho yake yote. Gharama yake ni mizani moja na mtu wa kuisimamia asubuhi. Mizani anayo tayari, na hubeba yake mwenyewe kila anapokwenda.