Kimeshuka?

Kila jioni saa moja nilikuwa nampigia Mama simu kutoka Nairobi na kumuuliza swali moja: "Umekula?" Na kila jioni alinijibu kwa sauti yake mpya, ile ya kukwaruza: "Nimekula." Basi mimi natulia, narudi kwa chapati na maharagwe yangu, nalala vizuri. Kwa wiki sita alikuwa ananidanganya.

Sisi ni watu wa Bomet, mahali ambapo ukisimama mlangoni unaona chai mpaka macho yachoke. Mama huchuma majani kwa shamba letu dogo, anapeleka kituoni, anangoja bonasi kama kila mtu. Kwetu saratani ya umio haihitaji utangulizi. Wengi huiita tu ugonjwa wa koo, na ni vigumu kupata boma lisilomjua mtu aliyeanza kwa kukwamwa na ugali, akahamia uji, akahamia maji, halafu tukaitwa matangani.

Hospitali ya Tenwek, ambayo imekuwa hapo Bomet tangu 1937, imewaona wagonjwa hawa kwa miaka mingi. Utafiti uliofanywa pale na kuchapishwa 2010 ulihesabu wagonjwa zaidi ya 100 wenye umri wa miaka 30 au chini, waliogunduliwa kati ya 1996 na 2009. Mdogo kabisa alikuwa na miaka 14. Kwa hivyo kama ulidhani huu ni ugonjwa wa wazee, hapana. Ni wa rika letu pia.

Sababu? Watafiti wametaja mengi: tumbaku, pombe, moshi wa jikoni, lishe, hata mambo ya kurithi. Na moto wa chai. Mwaka 2016 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, lilisema kwamba vinywaji vyenye joto la kupita nyuzi 65 huenda vinasababisha saratani ya umio. Si majani yenyewe, ni huo moto. Sasa jaribu kueleza hilo kwa watu ambao chai iliyopoa kwao ni matusi kwa mgeni.

Wengi hufika hospitali wakiwa wamechelewa, na wanachoweza kupata ni stenti, kijimrija cha waya kinachoshikilia njia wazi ili angalau mtu ameze. Mama alibahatika. Yake ilipatikana ikiwa bado inaweza kutolewa. Tukachanga: bonasi ya mwaka huo, ng'ombe mmoja wa maziwa, na M-Pesa za watu wa kikundi cha WhatsApp ambao wengine mpaka leo siwajui.

Alipasuliwa katika hospitali moja mbali na nyumbani. Daktari alituchorea kwenye karatasi: umio unatolewa, tumbo linafinyangwa liwe kama bomba, linavutwa juu kupitia kifuani, kisha linashonwa na kipande cha umio kilichobaki shingoni. Niliangalia ule mchoro nikaona mshono mmoja mdogo tu. Sikujua kwamba maisha yetu ya mwaka mzima yangezunguka hapo.

Siku ya saba alipewa maji ya kuonja. Akameza, akatabasamu, halafu bandeji ya shingoni ikalowa. Maji yalikuwa yametokea hapo. Mshono ulikuwa unavuja. Daktari alisema ni jambo linalojulikana baada ya upasuaji wa aina hii, na kwamba likitokea shingoni ni afadhali kuliko ndani ya kifua, ambako uchafu unaweza kumuua mtu haraka. Wakafungua kidonda kidogo ili kitoe uchafu, wakamfunga mdomo kabisa, na kwa wiki tano akalishwa kwa paipu iliyoingia moja kwa moja kwenye utumbo. Chakula chake kilikuwa kinaning'inia kwa chuma kama nguo zilizofuliwa. Alikuwa anakiangalia kikidondoka na kuniuliza kwa kuandika kwenye simu: "Hii ni lanchi ama sapa?"

Kidonda kilifunga. Akarudi nyumbani, na nyumba ikajaa. Watu walikuja na mursik, na kuku, na maombi. Kwetu mtu aliyepona anaonyesha kwamba amepona kwa kula mbele ya watu. Lakini tumbo la Mama halikuwa tena tumbo, lilikuwa njia. Kikombe kizima cha chai ya sukari kilimfanya atoke jasho, moyo umwende mbio, na akimbilie choo. Akilala bila kuegemea mito mitatu, nyongo inapanda mpaka mdomoni. Na ile sauti aliyokuwa akiwaitia watu kutoka ng'ambo ya bonde ilibaki mkwaruzo, kwa sababu neva ya sauti hupita hapo hapo wanapokatia. Haya yote yalikuwa kwenye karatasi tuliyopewa tukitoka, kwa Kiingereza, kurasa mbili. Niliisoma nikiwa kwa matatu, nikaikunja. Tulikuwa tumejiandaa kwa kifo chake. Kuhusu kuishi kwake hatukuwa tumekaa chini hata siku moja.

Mwezi wa nne baada ya upasuaji nilienda nyumbani bila kutangaza. Nilipita Narok usiku, nikafika alfajiri. Saa ya kiamsha kinywa nikawakuta kuku saba wamejipanga chini ya dirisha la jikoni kama abiria wanaongoja gari. Nikashangaa. Halafu dirisha likafunguka, mkono wa Mama ukatokea na bakuli, na ugali laini na yai alilopikiwa na shemeji yangu vikamwagwa chini. Wale kuku walikuwa wamenona sana. Yeye, sweta lilikuwa linamning'inia mabegani.

"Mama."

Aliruka. Kisha akakaa kwenye kigoda na kusema, kwa ile sauti, "Imerudi."

Chakula kilikuwa kimeanza kukwama tena. Kwanza nyama, halafu ugali, sasa hata uji mzito. Njia ile ile aliyopita mwanzo, hatua kwa hatua. Nilimuuliza kwa nini hakusema. Alinionyesha zizi kwa kidevu. "Imebaki ng'ombe mmoja. Mkisikia mtauza. Na huyo ni wa karo ya ndugu yako."

Nilikasirika nikashindwa la kusema, maana hesabu yake ilikuwa sawa. Ningesikia, ningeuza. Nilichomwambia mwishowe ni kwamba hajui kama imerudi. Akasema yeye ndiye mwenye koo.

Usiku ule nilitafuta ile karatasi ya kurasa mbili. Ilikuwa bado kwenye mfuko wa koti. Ukurasa wa pili, mstari wa tatu kutoka chini, uliandika kwamba mahali pa mshono panaweza kukazwa na kovu, hasa kama paliwahi kuvuja, na kwamba mgonjwa akianza kukwamwa arudi mapema. Muda huo wote ile karatasi ilikuwa Nairobi na mimi.

Asubuhi tulienda. Akapigwa kamera, na wakachukua vipande vidogo vya kupima. Daktari alisema anachoona ni kovu, limebana njia ikabaki nyembamba kama kalamu. Akapanua siku ile ile kwa kifaa maalum, akatuambia huenda tukarudi mara kadhaa kwa sababu kovu lina tabia ya kujikaza tena. Majibu ya vipimo yalipokuja hayakuonyesha saratani. Ng'ombe hakuuzwa. Mama alikunywa uji kwenye kikombe cha plastiki, nje ya wodi, na hakusema kitu mpaka ulipokwisha. Kisha akasema, "Kongoi," sijui kwa nani.

Sijifanyi kwamba stori imeisha. Saratani inaweza kurudi siku moja, ndiyo maana hatukosi kliniki. Lakini nimejifunza kwamba si kila kukwama ni kurudi, na kwamba mtu anaweza kufa njaa akiogopa jambo ambalo halipo. Ile karatasi nimeitafsiri kwa Kiswahili, nikambandikia ukutani jikoni, karibu na dirisha la kuku. Milo midogo sita kwa siku. Chai iwe ya uvuguvugu, bila sukari nyingi. Usilale mara tu baada ya kula. Ukikwamwa, sema.

Swali pia nimelibadilisha. "Umekula?" ni swali la adabu, na jibu lake ni la adabu. Sasa nauliza, "Kimeshuka?"

"Kimeshuka."

"Nini?"

"Uji na yai."

"Saa ngapi?"

"Weh, kwani wewe ni polisi?"

Wiki iliyopita aliniambia, "Leo kimekataa." Alisema hivyo tu, kama mtu anayesema mvua imenyesha. Nilipiga simu kliniki kabla sijamaliza kula. Alhamisi tunarudi kupanuliwa mara ya tatu.