Safari ya Siku Moja Katika Mji wa Cambridge

Wengi wenu mmepata kusikia habari za Cambridge, mji wa Uingereza wenye chuo kikuu cha kale. Nasi tulipata nafasi ya kuuzuru siku moja, waalimu wanne, wanawake wawili na wanaume wawili. Tuliondoka London asubuhi kwa gari la moshi, na mchana ulikuwa bado mbali tulipowasili.

Watu wa mji ule ni wakarimu kwa wageni. Tulipokuwa tumesimama njiani tukitazama ramani, mzee mmoja alishuka katika baiskeli yake, maana huko wakubwa kwa wadogo huenda kwa baiskeli, akatuamkia. Akasema, “Wageni wengi huuliza, Chuo Kikuu ki wapi? Hakina nyumba moja. Mji wenyewe ndio chuo.” Akafuatana nasi kwa miguu, akiikokota baiskeli yake. Alitueleza ya kuwa wanazuoni wa kwanza walifika mwaka 1209, wakikimbia ugomvi wa Oxford. Leo vyuo vilivyomo ni 31, na kila kimoja kina ukumbi wa kulia chakula na maktaba yake. Kilicho kikongwe kupita vyote ni Peterhouse, cha mwaka 1284.

Tuliingia kanisa la King's College. Mfalme Henry VI aliweka jiwe la msingi mwaka 1446. Kisha vita vikaja, kazi ikasimama mara nyingi, hata dari ya mawe ikatimia mwaka 1515. Dari hiyo imetanda juu kama makuti ya minazi iliyopandwa safu mbili. Aliyeianza kazi hakuimaliza, na walioimaliza hawakuwako ilipoanza.

Mtoni tuliona mashua bapa zisukumwazo kwa upondo, sawasawa na desturi ya pwani yetu. Kijana mwenye mashua alitukaribisha, na mmoja wetu, mzaliwa wa Pangani, akaomba upondo. Akaisukuma mashua vizuri, hata watu waliokuwa darajani wakampigia makofi.

Walakini jambo lililotuingia moyoni lilikuwa katika nyumba ya baraza, iitwayo Senate House. Humo, tarehe 4 Desemba, 1857, Daktari David Livingstone aliwahutubia wanachuo, akawasihi waiangalie Afrika. Maneno yale yalizaa Misheni ya Vyuo Vikuu, iliyofika Unguja mwaka 1864, ikafungua shule walizosoma wazee wetu.

Basi tulifurahi, lakini yule mzee akasema, “Lisikieni na jambo la pili.” Mwaka 1869 kilianzishwa chuo cha wanawake, Girton, nao wakafaulu mitihani ile ile ya wanaume. Hata hivyo mwaka 1897 baraza lilikataa kuwapa shahada, na vijana wakatundika juu ya njia sanamu ya mwanamke aliyepanda baiskeli, kwa dhihaka. Mwaka 1921 walipewa shahada ya jina tu. Shahada kamili ilikuja mwaka 1948. “Mama yangu,” akasema mzee, “alipata ile ya jina tu.”

Mwalimu mmoja, mwanamke, alinyamaza kitambo, kisha akasema, “Miaka 79! Na mimi darasani nina wasichana watatu, hodari kuliko wenzao wote, ambao baba zao wataka kuwatoa shule mwaka huu.”

Wazazi wenzetu, neno hilo twalileta kwenu. Chuo chenye elimu nyingi vile kilichelewa kuwatendea haki binti zake, na miaka ile haiwezi kurudishwa. Msichana aliyetolewa darasani leo hatangojea miaka 79. Mwaka mmoja watosha kumfungia mlango. Mwenye binti shuleni na amwache amalize, na mwalimu aliye karibu na aende nyumbani kwao akaseme na wazazi wake kwa upole, mapema, kabla ada haijawa udhuru.