Siku Nilipovuliwa Viatu

Nilikuwa na umri wa miaka tisa siku nilipovuliwa viatu ili nipigwe picha. Ulikuwa mwaka 1985, katika kijiji kimoja cha mkoa wa Dodoma. Ilitangazwa kanisani kwamba wageni kutoka Ulaya watakuja kuwapiga picha watoto wanaotafutiwa wafadhili wa kuwalipia masomo, na mama yangu aliitumia wiki nzima kuniandaa. Aliuza karanga alizokuwa ameweka akiba, akaninunulia viatu vyeusi vya kufunga kwa kamba. Mnaokumbuka miaka ile mtanielewa: nguo, sabuni na viatu vilikuwa adimu madukani, hata mwenye pesa aliweza kurudi nyumbani mikono mitupu. Asubuhi ya siku hiyo aliniogesha, akanipaka mafuta mpaka magoti yakang'aa, akanivalisha gauni la Jumapili.

Zamu yangu ilipofika, mgeni mwenye kamera alinitazama, akamgeukia mkalimani wake, wakanong'onezana. Kisha mkalimani akamwambia mama, kwa adabu kabisa, "Mama, mgeni anaomba mtoto avue viatu. Akipendeza namna hii hatapata mfadhili."

Mama hakujibu. Alipiga goti mbele yangu, akafungua kamba, akavichukua viatu na kuvificha ndani ya khanga yake. Nikapelekwa kusimama kwenye ukuta wa udongo wa jiko la jirani, ingawa kanisa letu lilikuwa la matofali na lilikuwa hatua chache tu kutoka pale. Nikaambiwa nisicheke. Kamera ikalia, basi.

Mfadhili alipatikana. Mwaka uliofuata ilikuja barua pamoja na nakala ya ile picha. Yule mama wa Ulaya alieleza kwamba kila usiku ananiombea nipate viatu, na alikuwa ametuma fedha kidogo za kuvinunulia. Tuliposomewa maneno hayo mama alicheka sana, kisha akanyamaza. Baadaye akasema, "Mwandikieni kwamba anavyo." Aliyekuwa akituandikia barua akakataa. Alisema habari hiyo itamchanganya mfadhili. Basi tukaandika asante.

Usinielewe vibaya, mama mwenzangu. Mwanamke yule alinilipia ada mpaka nikamaliza kidato cha nne, na hadi leo namtaja katika sala zangu. Yeye hakumdanganya mtu yeyote. Aliamini alichoonyeshwa.

Picha ile ninayo. Ukiitazama vizuri utaona upande wa kushoto, ukingoni kabisa, kipande cha khanga. Huyo ndiye mama, na humo ndani ya khanga ndimo viatu vilimo. Mtoto aliye na mama yake pembeni hasikitishi kama mtoto aliye peke yake, kwa hiyo kamera ilisogezwa kidogo. Mama ameshatangulia mbele za haki. Picha zake nilizo nazo zote ni za uzeeni. Ya ujana wake ni hicho kipande cha khanga tu.

Nilipokuwa mtu mzima ndipo nilipoelewa kwa nini wageni wale walikuja wakitafuta miguu mitupu. Oktoba 23, 1984, shirika la utangazaji la Uingereza, BBC, lilionyesha picha za njaa kutoka Korem, kaskazini mwa Ethiopia. Mpiga picha alikuwa Mohamed Amin, Mkenya mzaliwa wa Nairobi, na aliyesimulia ni Michael Buerk. Sisi hatukuziona, maana Tanzania Bara ilikuwa bado haina televisheni. Tulianza kuipata mwaka 1994. Lakini huko nje watu walilia mbele ya televisheni zao, wakafungua pochi. Julai 13, 1985 likafanyika tamasha la Live Aid katika miji ya London na Philadelphia, na fedha nyingi zikachangwa. Sina shaka kwamba wako watu wanaoishi leo kwa sababu ya kamera ya Amin. Yeye mwenyewe alipoteza mkono mmoja katika mlipuko wa ghala la silaha mjini Addis Ababa mwaka 1991, akaendelea na kazi yake hadi alipofariki Novemba 1996, wakati ndege aliyopanda ilipotekwa na kuanguka baharini karibu na Komoro. Siwezi kumweka mtu kama huyo kapu moja na mgeni aliyenivua viatu.

Hata hivyo picha ina mipaka yake. Iliweza kuonyesha mtoto aliyekonda mikononi mwa mama yake. Haikuweza kuonyesha vita vilivyokuwa vikiendelea Tigray na Eritrea, ambavyo pamoja na ukame ndivyo vilivyofanya njaa ile iwe kubwa kiasi kile. Mtu aliyetazama alibaki akidhani ni mvua tu iliyokosekana. Tena mwishoni mwa mwaka huo wa 1984 waimbaji wa Uingereza walitoa wimbo wa kuchangisha fedha, ukiuliza kama watu wale wanajua kwamba ni Krismasi. Nilipousikia kwa mara ya kwanza nilishangaa. Ukristo uliingia Ethiopia tangu karne ya 4! Wengi wa akina mama waliokaa chini pale Korem walikuwa watoto wa kanisa hilo la kale, na Krismasi yao huiadhimisha Januari 7. Lakini nani angeyajua hayo kwa kutazama picha? Picha ilionyesha njaa, na wenye njaa wakahesabiwa kuwa watu wasiojua kitu.

Basi nadhani mgeni wetu alifika Dodoma akiwa na picha tayari kichwani. Alichokuwa akitafuta ni mtoto wa kulingana nayo, na mimi sikulingana mpaka viatu vilipotoka.

Ningependa kuishia hapo, nikiwa mimi ndiye niliyekosewa. Lakini Desemba iliyopita akina mama wa kanisa letu tulikwenda kuwatembelea watoto katika kituo kimoja cha yatima. Tulibeba unga, sukari, mafuta na sabuni. Mimi ndiye niliyepewa kazi ya kupiga picha, kwa kuwa simu yangu ni nzuri. Nikamchagua mvulana mmoja wa miaka kumi hivi, nikampa mfuko wa unga aushike. Alikuwa akicheka cheka na wenzake, na amevaa sweta jipya jekundu. Nikamwambia, "Mwanangu, hebu vua sweta kidogo, na usicheke."

Naapa sikukumbuka chochote wakati ule. Nilikuwa nafikiria waliobaki nyumbani, kwamba wakiona sweta jekundu watasema watoto hawa wanajiweza. Picha nikaituma usiku ule ule katika kundi letu la WhatsApp, na michango ikaja kweli. Niliridhika.

Binti yangu wa kidato cha tatu ndiye aliyeichukua simu, akaitazama, akaniuliza, "Mama, huyu anaitwa nani?"

Sikujua. Nilikuwa nimesimama naye karibu robo saa na sikumwuliza jina. Nikaenda chumbani, nikafungua sanduku, nikaitoa picha yangu ya mwaka 1985, nikakaa nayo kitandani. Baba watoto alinikuta pale, akadhani nimepokea habari za msiba.

Niliomba kundi lifute ile picha. Baadhi walifuta, lakini wengine walikuwa wameshaituma mbele, kwa hiyo inazunguka huko, wala siwezi kuirudisha. Wiki mbili baadaye nilirudi kituoni na binti yangu. Nilimweleza mlezi mkuu kilichonileta, akamwita yule mvulana. Nilimwuliza jina lake, akanitajia. Hapa sitaliandika, ni lake. Nikamwomba radhi. Alinitazama bila kunielewa sana, maana kwake mambo ya wageni kupiga picha ni ya kawaida. Nikamwambia, "Leo utapigwa picha yako mwenyewe, nitaisafisha nikuletee. Unataka kusimama wapi?"

Akasema golini, kwa sababu yeye ndiye golikipa. Tukaenda uwanjani, miti miwili na kamba juu yake. Alikuwa na lile sweta jekundu. Nilipoinua simu alipunga mkono, akasema, "Mama, subiri," akakimbia kuelekea bwenini. Binti yangu alianza kuwa na wasiwasi kwamba tutachelewa basi.

Alirudi amevaa viatu vya mwenzake, vikubwa kidogo, akaketi chini kati ya ile miti miwili kufunga kamba. Nikashusha simu, nikamsubiri amalize.