Lugha Unazozimudu

Tangazo lilibandikwa kwenye ubao wa ofisi ya kata, hapa Mabawe: asasi moja inatafuta wahamasishaji jamii watano, miezi sita, posho na baiskeli. Nina shahada, na mwaka wa pili huu niko nyumbani. Nikachukua fomu.

Penye "Lugha unazozimudu" nikajaza Kiswahili, kisha Kiingereza. Baba akaisoma usiku, akauliza, "Kihangaza umemwachia nani?"

"Hicho si cha kuandika kwenye fomu, Baba."

Akacheka kidogo. Mwishoni mwa Aprili 1994, Wanyarwanda wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo ndani ya saa 24 hivi. Benaco ikawa mji wa maturubai. Mashirika yakaja na madaktari wasioweza kumuuliza mgonjwa anaumwa wapi. Baba alikuwa ameishia darasa la saba, lakini Kihangaza ni ndugu wa Kirundi na Kinyarwanda. Akapata kazi ya ukalimani kwenye hema la wagonjwa. Desemba 1996 wakimbizi wakarudishwa kwao, na kazi ikaisha. Mabati aliyonunua kwa mshahara ule ndiyo tunayolalia chini yake mpaka leo.

"Cheti hawakuniuliza," alisema. "Waliniuliza huyu mama anasema nini."

Nikaomba fomu nyingine. Safari hii nikaanza na Kihangaza.

Siku ya kurudisha, foleni ilifika barabarani. Tulikuwa wengi, nafasi tano. Majibu bado.