Mwitiko, Ashiki na Ridhaa

Wahenga walinena kuwa usilolijua ni kama usiku wa giza. Methali hii hunijia kila ninapotafakari jinsi wataalamu wa afya wanavyopima msisimko wa kimapenzi katika mwili wa mwanamke. Huenda mada hii ikawashangaza baadhi ya wasomaji wa jarida letu, lakini naamini inatuhusu sisi wanafunzi wa lugha kuliko tunavyodhani.

Mnamo mwaka wa 1975, Sintchak na Geer walieleza kuhusu chombo kidogo chenye taa kinachowekwa ukeni. Nuru ya taa hiyo huakisiwa na kuta za uke, na kiasi kinachorudi huonyesha mabadiliko ya damu mahali hapo. Sambamba na kipimo hicho, mwanamke huulizwa anavyojihisi. Mwaka wa 2010, Meredith Chivers na wenzake walichanganua tafiti 132 zilizolinganisha kipimo cha mwili na kauli ya mhusika. Walibaini kwamba uwiano baina ya mambo hayo mawili ulikuwa 0.66 kwa wanaume, ilhali kwa wanawake ulikuwa 0.26 pekee. Kwa hivyo, mwili wa mwanamke waweza kuitika na moyo wake usiwemo.

Mimi nimelelewa Wang'uru, mji uliozungukwa na mashamba ya mpunga ya Mwea. Akina mama wanapopandikiza miche, migongo imeinama na miguu imo majini, huzungumza mengi, ila mambo ya unyumba huyataja kwa mafumbo. Humo mashambani nimewahi kusikia, tena si mara moja, mwanamke aliyebakwa akisemwa kwamba mwili wake uliridhia. Aghalabu asemwaye hivyo hunyamaza, kwani hana neno la kujitetea.

Utafiti nilioutaja unampa jibu. Sheria nayo inamuunga mkono: Sheria ya Makosa ya Kingono ya Kenya ya mwaka wa 2006 inaeleza kuwa mtu amekubali iwapo ameafiki kwa hiari, akiwa na uhuru na uwezo wa kuamua. Damu na unyevu havikutajwa katika maelezo hayo.

Kinachokosekana ni istilahi. Napendekeza tutumie "mwitiko" kwa kile ambacho chombo hupima, "ashiki" kwa kile anachohisi mwanamke, na "ridhaa" kwa kile anachoamua. Maneno haya yote tunayo, tena hayana matusi. Tatizo ni kwamba tunayachanganya.

Wanafunzi wenzangu, muuguzi wa zahanati, askari wa kituoni na hakimu humhoji mama wa Mwea kwa Kiswahili. Wakitumia neno moja kwa mambo matatu, watamhukumu kwa mapigo ya damu yake. Tuwape maneno yaliyopambanuliwa, ili kauli yake isikike.